Tuzo ni ya Aliyetenda

Mwaka 2023 timu ya Chuo Kikuu cha Florida State, huko Marekani, ilicheza michezo 13 ya mpira wa Kimarekani ikashinda yote. Hata hivyo kamati ya kuteua timu nne za kuwania ubingwa iliiacha, kwa hoja kwamba mrusha mpira wake ameumia mguu. Ikaichukua Alabama, iliyokwisha kushindwa mara moja.

Je, tuzo ni malipo ya kilichotendwa, au ubashiri wa kitakachotendwa? Nani kati yetu walimu angemnyima mwanafunzi alama alizozipata kwa kuhofia kwamba kesho ataugua? Kweli, baadaye Georgia iliwashinda 63 kwa 3. Lakini wachezaji wengi walikuwa wamekwisha kujitoa. Tangu 2024 nafasi ni 12, wala kamati haikuondolewa.