Kwa Mwoga Huenda Kicheko

Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Miaka mingi nilipokuwa nikifundisha methali darasani, hii niliipita haraka haraka. Niliona kama inawafundisha watoto woga, nasi tulitaka kulea taifa la mashujaa. Leo, umri umekwenda, naitazama kwa jicho jingine. Aliyenifumbua macho ni bahari, tena siku ambayo sikuiendea kwa shida yoyote, bali kwa kujifurahisha tu.

Ilikuwa likizo ya Juni, mwaka 1989. Walimu wa shule niliyokuwa nikiiongoza tulichanga fedha kwa miezi mitatu ili twende kutembea kisiwa cha Maziwe, kusini-mashariki ya mji wa Pangani. Asiyekijua kisiwa hicho na ajue kwamba hapo zamani kilikuwa na mivinje, na kasa walikuwa wakipanda kutaga mayai; kikatangazwa kuwa hifadhi. Baadaye bahari ikaila ardhi yake, miti ikaanguka, kikabaki fungu la mchanga mweupe lililozungukwa na matumbawe. Maji yakitoka, hupati mahali pazuri zaidi pa kutandika mkeka. Yakijaa maji ya bamvua, fungu lenyewe hulioni.

Asubuhi ile tulimkuta nahodha amechuchumaa kando ya mashua yake, anatazama nje ya mlango wa mto. Nilimwamkia, maana alikuwa amenizidi umri sana.

"Marahaba, mwalimu," akaitikia. "Upepo wa leo umeamka mapema mno. Mngengoja hata kesho kutwa."

Nikamwambia, "Mzee, watu wameshajiandaa, pilau imeshapikwa, na kesho kutwa wengine wanasafiri kwenda makwao."

Akanyamaza. Ndipo nikaongeza neno ambalo hadi leo nikilikumbuka naona haya: "Au tutafute chombo kingine?"

Mzee akainuka, akaenda kufunga mashine. Mwalimu mmoja wa kike aliyesimama nyuma yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu Mkuu, kwani ni lazima?" Wenzake wakamcheka, wakamwita mtu wa bara. Nami nikacheka pamoja nao.

Tulifika Maziwe kama saa nne, maji yamekupwa. Ndani ya mwamba bahari ilikuwa shwari kama maji ya birikani, na vijana wakaanza kumtania nahodha. Hatukujua kwamba utulivu ule haukuwa wa bahari, ulikuwa wa mwamba. Maji yakitoka, mwamba hukaa juu na kuyavunja mawimbi yatokayo nje. Maji yakijaa, mwamba huzama, na mawimbi hupita juu yake bila kizuizi. Siku za bamvua katika pwani yetu maji hupanda zaidi ya mita 3 tangu kupwa hadi kujaa, tena hujaa alasiri, wakati ule ule ambao upepo wa kusi huwa umekwisha kupata nguvu. Mambo hayo mawili huja pamoja. Nahodha aliyajua. Mimi niliyefundisha jiografia zaidi ya miaka 15 sikuwa nimeyaunganisha.

Saa nane nahodha alitwambia tuondoke. Tukakawia kwa sababu ya kupiga picha. Tulipong'oa nanga, fungu la mchanga lilikuwa limebaki kama mkeka mmoja, na nje ya mwamba bahari ilikuwa imegeuka rangi. Mawimbi yalitujia kwa nyuma, moja baada ya jingine. Tulikuwa tumebakiza mwendo mfupi kufika pwani, wimbi likamwagika juu ya mashine, ikazimika. Mashua ikaanza kukaa ubavu. Nahodha akatupa nanga upesi ili omo lielekee mawimbi, kisha akaamuru tufue maji. Tukafua kwa ndoo, kwa makopo na kwa sahani. Tulikuwa watu 14 pamoja na mabaharia wawili, na hatukuwa na hata jaketi moja la kuokolea. Akasema vitu vizito vitupwe. Sufuria ya pilau, ile iliyokuwa hoja yangu asubuhi, niliitupa baharini kwa mikono yangu mwenyewe.

Ngalawa moja iliyokuwa ikirudi kutoka kuvua ilituona. Ndani mlikuwa na mtu na mwanawe. Walitukaribia, wakachukua watu watatu, wakawafikisha nchi kavu. Wakarudi, wakachukua watatu wengine. Safari ya tatu wimbi likaibamiza ngalawa kwenye ubavu wa mashua, tengo likavunjika, ikapinduka na kusukumwa mwambani. Yule mvuvi na mwanawe tuliwavuta kwa kamba, wakapanda kwetu. Baadaye mashua nyingine ikaja kutuvuta, na watu wote wakatoka salama. Lakini ngalawa ile haikuwa ngalawa tena.

Tulichanga tena, tukampelekea mvuvi fedha. Hazikufika hata nusu ya bei ya chombo. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsanteni, walimu. La muhimu watu wamepona." Hakuniuliza swali lolote. Miezi mingi baada ya hapo nilimwona akivua katika chombo cha mtu mwingine, akirudi nyumbani na fungu dogo la samaki.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: kosa lilikuwa la nani? Wenzangu walisema ni la nahodha. Yeye ndiye mjuzi, na alikubali. Ningependa sana kuamini hivyo. Lakini Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliuliza swali juu ya watu wanaotupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Je, wanafanya hivyo kwa hiari? Akajibu kwamba ni tendo la mchanganyiko. Limeelekea upande wa hiari, kwa kuwa mtu analichagua wakati ule; lakini hakuna mwenye akili ambaye angelichagua bila dhoruba. Niliposoma maneno hayo nilimkumbuka nahodha wangu. Alisema ndiyo, ni kweli. Lakini dhoruba yake ilianza nchi kavu, pale nilipotaja chombo kingine. Alikuwa na watoto wa kulisha, akatupa busara yake kama mimi nilivyokuja kuitupa pilau.

Wapo wasemao kwamba kila mtu ana haki ya kuhatarisha maisha yake apendavyo, na anayetaka kucheza na mawimbi aachwe acheze. Hoja hiyo ina nguvu mpaka uhesabu watu. Katika safari ile yangu, nani hasa alihatarisha maisha yake mwenyewe tu? Hata mimi sikufanya hivyo, maana nilikuwa na mke na watoto wanne. Mwalimu yule alipanda kwa kuogopa kuchekwa. Nahodha alipanda kwa kuogopa njaa. Na mvuvi hakupanda hata kidogo. Yeye alikuja kwa sababu mila ya bahari haimruhusu baharia kumpita mtu anayezama. Uhuru wangu wa kujifurahisha ulisimama juu ya wajibu wake wa kuniokoa, naye hakuulizwa.

Msafiri wa haja ana udhuru. Meli ya MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katika upepo mkali, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilikuwa imebeba watu waliohitaji kuvuka. Msiba ule uliumiza, na nani awalaumu abiria? Lakini sisi wa matembezi hatuna linalotusukuma ila raha yetu, na raha inaweza kungoja. Kwa hiyo deni letu la tahadhari ni kubwa zaidi, si dogo zaidi.

Sisemi watu wasiende baharini kujifurahisha. Mtoto wa pwani asiyejua raha ya tanga likijaa upepo amekosa sehemu ya urithi wake, na mtu wa bara akija kuionja namkaribisha. Tena leo tuna mambo ambayo hatukuwa nayo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza upepo mkali na mawimbi yanayofikia mita 2, na majaketi yanapatikana. Ila tangazo halimsaidii mtu anayeona haya kurudi.

Miaka michache baada ya kustaafu, wajukuu walinishika niwapeleke Maziwe. Nilikwenda kwa nahodha mwingine, kijana, nikamlipa nauli yote mkononi. Kisha nikamwambia, "Mwanangu, fedha hiyo ni yako, twende tusiende. Sasa niambie, bahari ikoje?"

Alinitazama kwa mshangao, akaizitazama fedha, halafu akageuka akaitazama bahari kwa muda mrefu. "Babu," akasema, "kama ni hivyo, leo tukae."

Tukakaa. Pilau tuliila chini ya minazi, upepo ukivuma na mchanga ukiingia sahanini, na watoto wakanicheka mchana kutwa kwamba babu yao anaogopa maji. Niliwaacha wacheke. Kumlipa nahodha kwanza ndipo umuulize ni jambo dogo, lakini ndilo nililolinunua kwa ngalawa ya mtu mwingine, na sijamaliza kuilipa.