Mwiba wa Karaba

Ukiwa mtoto unaitazama filamu ya katuni ya Kirikou na Mchawi (1998) kwa sababu ya Kirikou mwenyewe: kitoto kinachozungumza kingali tumboni, kikajizaa, kikajikata kitovu na kwenda mbio kupambana na mchawi Karaba. Itazame tena ukiwa mtu mzima, uone kama macho hayatakuhamia kwa huyo Karaba.

Kijiji kizima kinaamini amewala wanaume na kuikausha chemchemi. Kirikou peke yake ndiye anayeuliza kwa nini mama yule ni mbaya. Babu yake, kule mlimani, anamweleza: wanaume walimkamata wakamchoma mwiba wenye sumu mgongoni, na maumivu hayajamwacha hata siku moja. Wanaume hakuwala, aliwageuza vinyago vya kumtumikia. Maji nayo yalikuwa yakinywewa na mnyama aliyejificha ndani ya chemchemi.

Mwongozaji Michel Ocelot, Mfaransa aliyeishi Guinea utotoni, hakuufafanua zaidi mkasa wa mwiba katika filamu, na alifanya vyema. Mtoto ataona mwiba tu. Mama yake ataelewa. Itazameni pamoja, na mtoto akiuliza kwa nini, usimnyamazishe.