Tovuti ya Kubeti na Riwaya Yangu

Usiku natengeneza tovuti za watu ili nilipie uchapishaji wa riwaya yangu. Kazi hizi hazina bosi, kwa hiyo hakuna wa kumsingizia: kila moja umeichagua mwenyewe. Juzi kampuni ya kubeti ilinipa ofa ambayo ingelipa gharama zote za uchapaji. Rafiki akasema, “Pesa ni pesa, bwana.” Sawa, lakini tovuti nzuri ya kubeti ni ile inayomfanya kijana abonyeze kabla hajafikiri. Hapo ufundi wangu ndio mtego wenyewe. Spinoza alisaga lenzi. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Kazi zile ziliwalisha bila kuhitaji mtu anaswe. Nimekataa, na riwaya bado iko kwenye kompyuta. Nyie mngefanyaje?