Dharura na Kiasi Chake



Katika darsa ya kina dada muhula huu liliulizwa swali ambalo halikupata jibu la kutosha. Binti wa miaka 14 amepigwa altrasaundi, akaonekana ana uvimbe usio wa saratani kwenye ovari. Je, wazazi wanaweza kukataa upasuaji kwa kuchelea sitara na ubikira wake?

Ubikira nitaumaliza upesi. Upasuaji wa matundu hupitia tumboni. Daktari hutoboa matundu madogo, aghalabu ya milimita 5 hadi 10, hujaza tumbo gesi ya kaboni dayoksaidi ili apate nafasi, kisha huingiza kamera na vifaa vyembamba. Kizinda hakiguswi.

Sitara ndiyo mlango wa fiqhi. Wanazuoni wametufundisha kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, na kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Kanuni hii ya pili tunaishika sana inapohusu macho: atafutwe kwanza daktari mwanamke, pasifunuliwe zaidi ya panapohitajika. Vyema. Mbona hatuifikishi kwenye kisu? Kama kinachodhuru ni uvimbe, kwa nini iondolewe ovari nzima?

Nauliza kwa sababu uvimbe wa aina hii mara nyingi huweza kutolewa, ovari ikabaki. Vifuko vingi vya maji hutoweka vyenyewe baada ya wiki au miezi kadhaa, kwa hiyo daktari hungoja na kupima tena. Teratoma haitoweki, ndani yake hukutwa mafuta, nywele, hata meno (hapo ndipo shangazi huanza kutaja majini, ilhali ni seli za mwili wa binti mwenyewe). Jambo la kuogopwa ni ovari kujisokota na kukosa damu. Maumivu makali ya ghafla yenye kutapika si ya kusomewa ruqya tu mpaka asubuhi, saa zinahesabika. Na hata ovari ikikutwa imegeuka nyeusi, mara nyingi ikisokotolewa hupona.

Wapo watakaosema ovari ya pili ipo, atazaa. Ni kweli, moja huweza kutosha. Lakini kiungo hakiwi cha ziada kwa kuwa kina mwenzake; nani hutoa jicho kwa hoja hiyo? Na hiyo iliyobaki nayo yaweza kuota uvimbe siku moja.

Sisemi matundu yawe sharti. Hospitali nyingi hapa Uganda hazina vifaa hivyo, na penye shaka ya saratani daktari huweza kuchagua kufungua tumbo ili uvimbe utoke mzima. Kati ya mshono mrefu unaobakiza ovari na tundu dogo linaloiondoa bila sababu, mimi nachagua mshono.

Linalonisumbua zaidi ni binti mwenyewe. Amebaleghe, anaswali, anafunga, ni mukalafu mbele ya Mola wake; lakini fomu anasaini baba, na yeye anaambiwa tu kwamba anakwenda kupimwa. Saini ya mzazi siipingi. Ila walii amepewa usimamizi kwa maslahi ya anayemsimamia, si kwa kulinda jina la ukoo. Kabla ya nusu kaputi aelezwe kinachotolewa na kinachobaki, na aachwe amuulize daktari hata lile swali la aibu, bila mama kumkata jicho.