Mkate Tuliomrushia Dubu

Je, mtu anaweza kutenda dhambi kwa kitendo kilichojaa furaha, kisicho na chuki hata chembe? Zamani tungejibu upesi: dhambi huanzia katika moyo mbaya, na moyo ukiwa mwema hakuna kosa. Siku hizi hatujibu upesi. Safari moja ya kaskazini ndiyo iliyotupunguzia haraka hiyo.

Sisi ni familia ya watu watano. Wazazi tulizaliwa Iringa, na sasa makao yetu ni Edmonton, Kanada. Juni mmoja tulikodi gari la nyumba, yale yenye vitanda, jiko na choo ndani yake, tukashika Barabara Kuu ya Alaska kuanzia Dawson Creek. Barabara hiyo ilichongwa na wanajeshi wa Marekani mwaka 1942, wakati wa vita, na maelfu miongoni mwao walikuwa askari weusi. Leo wengi huipita ili waone wanyama. Mwezi huo jua huchelewa kuzama na giza la usiku halikamiliki. Karibu na Ziwa Muncho tuliwaona kondoo wa milimani wakilamba udongo wenye chumvi kando ya lami. Mahali pengine tulisimama kuwapisha nyati wa msituni na ndama wao wekundu. Kila mara tulisema, "Bwana asifiwe," na tulimaanisha.

Kisha tukamwona dubu mweusi. Alikuwa ukingoni mwa barabara akila majani na maua ya manjano, ametulia kama ng'ombe wa nyumbani. Tukasimama. Watoto wakaomba tumsogelee, tukasogea. Akainua kichwa, akaanza kuondoka. Hatukutaka aende. Mmoja wetu akafungua dirisha, akarusha kipande cha mkate wenye siagi ya karanga. Dubu akageuka, akanusa, akala, akatutazama. Tukarusha cha pili. Mkono ulikuwa wa mmoja, lakini kicheko kilikuwa cha watu watano.

Jioni, kwenye kambi, watoto walimsimulia mlinzi wa hifadhi habari za dubu wao. Hawakutaja mkate. Yeye akauliza kwa upole, "Mlimpa chochote?" Watoto wakatutazama. Ilikuwa rahisi kusema hapana, kwa maana kulisha dubu ni kosa la kisheria katika jimbo lile, na hapakuwa na shahidi. Tulikaa kimya kidogo kuliko inavyofaa kwa watu waliosali asubuhi ile. Kisha tukasema ndiyo.

Hakutuandikia faini. Angetuandikia, ingekuwa haki. Alitoa ramani, akataka tumwonyeshe mahali penyewe, akaweka alama. Halafu akatueleza. Dubu akionja chakula cha watu, hujifunza kwamba gari ni chakula. Huanza kukaa barabarani, na hapo hugongwa. Au huja kambini, akawa hatari kwa watu, na mara nyingi huishia kupigwa risasi. Wakimhamisha mbali, anaweza kurudi. Ndiyo maana hifadhi za taifa za Kanada huwataka wageni wakae angalau mita 100 kutoka kwa dubu.

Usiku ule hatukulala vizuri. Wazee wetu walitufundisha: tenda wema, nenda zako. Sisi tulitenda, tukaenda zetu, na aliyebaki na matokeo ni dubu. Na tulipojichunguza, hata lile neno "wema" halikusimama. Yeye hakuwa na njaa. Mungu alikuwa amemwandalia meza yake pale majanini. Tulimpa mkate kwa sababu alikuwa anaondoka, nasi tulitaka abaki. Tuliita upendo kitu kilichokuwa tamaa ya kutazama.

Tulikumbuka pia jambo la utotoni. Basi la kwenda Dar es Salaam lilipokatiza Hifadhi ya Mikumi, kwa kilomita 50 hivi, tuliwarushia nyani ndizi na biskuti. Tulidhani wanakaa kando ya barabara kwa kupenda kutuona. Tuliona pia nyani waliogongwa wamelala lamini, tukasikitika. Miaka yote hiyo hatukuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Kitabu cha Mwanzo kinasema mwanadamu amepewa kuwatawala wanyama. Wengi wetu tumelisoma neno hilo kama ruhusa ya kusogea. Lakini Mungu alipomjibu Ayubu, alimpitisha kwa mbuzi wa majabali anayezaa pasipo mtu kuona na kwa punda wa mwitu asiyemtumikia mtu, akamwambia habari za mvua inayonyesha mahali pasipokaa mwanadamu. Hapakuwa na faida ya Ayubu katika mambo hayo. Mungu ana shughuli na viumbe wake ambazo hazipitii mikononi mwetu. Basi huenda kutawala ni pamoja na kuuzuia mkono, na kumpenda kiumbe ni pamoja na kumwacha aende zake.

Asubuhi mtoto wetu wa mwisho aliuliza, "Mungu atatusamehe. Na dubu je?" Hatukuwa na jibu la kumfurahisha. Tunaamini msamaha wa Mungu ni kamili. Lakini msamaha haukuutoa ule mkate tumboni mwa dubu, wala harufu yake katika kumbukumbu zake. Hatujui aliishiaje. Tulimwambia mtoto kwamba toba haifuti kila kitu duniani. Hutufundisha la kufanya kwa dubu anayefuata. Na kusema kweli mbele ya ile ramani kulikuwa sehemu ya toba, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu wa kuangalia mahali pale.

Siku mbili baadaye tulimwona mwingine, ng'ambo ya uwanda wa majani, mama mwenye mtoto mmoja. Hatukusogea. Madirisha yalibaki yamefungwa. Katika picha tuliyopiga wanaonekana kama madoa mawili meusi, na wageni wetu wakiitazama nyumbani huuliza dubu yuko wapi. Mtoto wetu wa mwisho ndiye huwaonyesha kwa kidole. Mama dubu hakuinua hata kichwa. Aliendelea kula, nasi tukawasha gari tukaondoka kwanza.