Je, Aliistahili Fedha Ile?

Jioni moja mwaka 2020, hapa Munisagara, nilikuta vijana wakibishana karibu na stesheni. Mbwana Samatta alikuwa ameondoka Aston Villa kwa mkopo kwenda Fenerbahçe ya Uturuki. Baada ya shikamoo, kijana mmoja akaniambia: "Babu, wewe ni mwalimu, tuamulie. Mtu ananunuliwa kwa mabilioni ya shilingi, anafunga mabao mawili tu. Fedha ile aliistahili?"

Nikamwambia anipe muda nifikiri. Nimefikiri miaka kadhaa, na jibu limenigusa mimi kuliko Samatta.

Tuanze na hesabu. Villa ilimnunua Januari 2020 kutoka Genk ya Ubelgiji, kwa ada iliyotajwa kuzidi pauni milioni 8. Haikununua jina tupu. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa Afrika akiwa na TP Mazembe. Msimu wa 2018/19 aliifungia Genk mabao 23 ya ligi, ikawa bingwa. Huko Villa alifunga bao moja katika mechi 14 za ligi, na jingine Wembley, kwenye fainali ya Kombe la Ligi ambayo Manchester City ilishinda 2–1.

Kwa mizani ya mabao, bei ilizidi mavuno. Lakini mkataba wa namna hii ni imani ya mnunuzi juu ya kesho, na kesho haimo mikononi mwa mchezaji peke yake. Samatta alifika katikati ya msimu kuziba pengo la Wesley aliyeumia, katika timu iliyookoka kushuka daraja kwa pointi moja. Mshambuliaji asiyeletewa mpira ni sawa na mkulima aliyepewa jembe lisilo na mpini.

Hapa sina budi kuungama. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliomba niletewe mkufunzi wa hisabati aliyekuwa na sifa kubwa. Alipofika nikampa nyumba nzuri kuliko zote chuoni. Mwaka wa kwanza wanachuo wake wengi walianguka mtihani. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba nyumba ile hakuistahili, akahamia nyingine ndogo. Hakunijibu neno. Baadaye, nikipekua ratiba niliyoitia sahihi kwa mkono wangu, nikaona kwamba nilimpa darasa dhaifu kuliko yote, muhula ukiwa umefika nusu, na vitabu vinne kwa darasa zima. Kosa lilikuwa langu, nikamtoza yeye. Aliomba uhamisho, akaondoka kabla sijamtaka radhi.

Ndugu msomaji, nadhani swali la yule kijana ni maswali mawili. La kwanza: je, mtu huyu alijituma kwa uwezo wake wote? Hilo ni deni la mfanyakazi. La pili: je, bei ilipangwa kwa busara, na je, aliandaliwa mahali pa kufanyia kazi? Hilo ni deni la aliyemwajiri. Sisi hupenda kumdai mmoja madeni yote mawili.

Wako watakaouliza mbona vibarua wa reli hawalipwi hata chembe ya fedha hizo. Ni kweli. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalipoikata njia katika bonde hili la Mkondoa, treni zilisimama, ndipo tukakumbuka kazi yao. Bei hupanda kwa uhaba wa kitu, na thamani ya mtu ni jambo jingine. Kwa hiyo fedha nyingi hazimwongezei mtu utu, wala mavuno haba hayampunguzii.

Yule kijana siku hizi ana vibarua wake shambani. Nilipomweleza haya alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi babu, kabla ya kumkata mtu ujira nitazame kwanza jembe nililompa." Laiti nami ningelitazama.