Usikivu: Redio, Muziki na Amana ya Msikilizaji Geita

Muundo wa muziki wa kituo cha redio ni mpangilio wa aina za nyimbo zinazopigwa pamoja na saa zake: kwaya alfajiri, bongo fleva mchana, zilipendwa jioni, rumba au taarabu usiku. Kwa mtangazaji hiyo ni ratiba. Kwa msikilizaji ni ahadi. Mama lishe wa Katoro, mkoani Geita, anayewasha redio kabla moto haujashika huenda hajui jina la meneja wa vipindi, lakini anajua kwamba saa kumi na moja kuna kwaya, na siku yake ameipanga juu ya jambo hilo. Kituo kinapobadili muundo, ahadi hiyo huvunjwa na nyingine kuwekwa mahali pake, mara nyingi bila msikilizaji kuulizwa. Ndipo linapozuka swali: je, kituo kilichobadili nyimbo zake ni kilekile? Na kikibadilika ili kumfuata msikilizaji, ni kwa kiasi gani kinamheshimu, na ni kwa kiasi gani kinamwinda?

Hadi mwaka 1993 swali hilo halikuwa na pa kukaa Tanzania Bara. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua jina hilo mwaka 1965, ilikuwa sauti moja kwa Bara nzima. Bendi za dansi zilirekodi katika studio yake, maneno ya nyimbo yalipitiwa kabla ya kupigwa, na mtu wa Geita alipata muziki uleule alioupata mtu wa Mtwara. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 iliwafungulia mlango watu binafsi, Radio One ikaingia hewani 1994, na leo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutoa leseni hadi ngazi ya wilaya. Geita, mkoa ulioanzishwa rasmi Machi 2012 kwa kumega Mwanza, Shinyanga na Kagera, ina vituo vyake, Storm FM kikiwa kimojawapo. Jirani zake wa Shinyanga wana Radio Faraja ya jimbo Katoliki. Anayechoshwa na wimbo sasa anahama kwa kugusa kitufe tu, na wenye vituo wanalala na hofu ya kidole hicho.

Kiswahili kimeweka mambo mawili katika neno moja. Fundi mitambo akisema usikivu anamaanisha eneo ambalo mawimbi yanafika vizuri. Nyuma ya kilima, usikivu ni hafifu. Mzazi akimsifu mtoto kwa usikivu anamaanisha kwamba anatega sikio, anaelewa na kutii. Usikivu wa fundi hupimwa kwa urefu wa mnara na nguvu ya mtambo. Usikivu wa mtoto hauna kipimo, na tena unakwenda upande wa pili: kituo ndicho kinachotakiwa kutega sikio. Kipindi cha salamu, ambacho wasomi wa mawasiliano hukidharau na wafanyabiashara hukivumilia, kilikuwa na hekima yake hapa. Mtu alilipia kadi, akaandika majina ya nduguze na wimbo anaoutaka, na kwa dakika nzima redio ikawa ndiyo inayomsikiliza yeye.

Usukumani, eneo ambalo Geita imo, suala la kuwavuta watu kwa muziki lilikuwapo kabla ya redio, na lilifikiriwa kwa kina kuliko linavyofikiriwa katika vikao vya vipindi. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyotajwa kuwa vilianzishwa na washindani wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana kwa kucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja. Hakuna jopo la waamuzi lenye karatasi za alama. Watazamaji wako huru kutoka upande huu kwenda ule. Chama chenye umati mkubwa zaidi ndicho mshindi. Ndivyo inavyokuwa hadi leo katika sikukuu ya Bulabo, inayofanyika kila Juni huko Bujora, Kisesa, mahali ambapo padri David Clement wa Wamisionari wa Afrika alianzisha makumbusho ya Wasukuma. Sikukuu yenyewe imetokana na ile ya Kikatoliki ya Ekaristi, hivyo ngoma za ushindani na maandamano ya Sakramenti hukutana katika msimu mmoja.

Ukiitazama kwa macho ya leo, ni vita ya wasikilizaji iliyo wazi kabisa: mtu anahama, na kuhama kwake kunaonekana na wote. Lakini wachezaji wa vyama hivyo walijua kwamba umati una njia mbili za kupatikana. Moja ni ufundi: nyoka shingoni, majembe ya ngoma ya bugobogobo yanayorushwa na kudakwa kwa pamoja, wimbo wenye fumbo ambalo watu watalizungumza wiki nzima. Ya pili ni dawa za mvuto, ambazo kila upande ulizitafuta kwa waganga na kuushuku upande mwingine kuwa nazo. Mtu asiyeamini dawa hizo bado anaweza kuona swali lililomo ndani yake. Umati uliokuja kwa sababu umependa, na umati uliokuja kwa sababu umevutwa bila kujua kinachouvuta, una idadi ileile. Hesabu ya watazamaji haiwezi kuutofautisha mmoja na mwingine, na takwimu za usikilizaji nazo haziwezi.

Dini mbili kubwa za eneo hili zina majibu yao juu ya nguvu hiyo. Agostino wa Hippo, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anakiri kwamba kuna wakati sauti ya mwimbaji humgusa kuliko maneno yanayoimbwa, na hilo analihesabu kuwa kosa. Hata hivyo hathubutu kuufukuza uimbaji kanisani, kwa kuwa anakumbuka machozi aliyoyatoa siku za mwanzo za imani yake. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ametenga sehemu nzima ya Ihyaa Ulumid-Din kwa suala la kusikiliza. Hoja yake ni kwamba wimbo hauweki moyoni kitu ambacho hakikuwamo, bali hukitikisa kilichomo. Ndiyo maana wimbo mmoja unaweza kuwa halali kwa huyu na hatari kwa yule, na hukumu haiwezi kutolewa bila kumjua anayesikiliza. Wanazuoni wa Kiislamu hawajakubaliana naye wote, na hadi leo wapo wanaokataza ala za muziki kabisa. Lakini mwenye redio akimchukulia al-Ghazali kwa uzito, kazi yake inakuwa ngumu ghafla, kwa sababu anapiga wimbo mmoja kwa mioyo asiyoiona.

Ugumu huo haukubaki vitabuni. Julai 1993, Kigali, kilianza kituo kiitwacho Radio Télévision Libre des Mille Collines. Redio ya taifa ya Rwanda ilikuwa na sauti ya ofisini. Kituo kipya kilipiga rumba ya Kongo, watangazaji wake wakataniana, wakapokea simu, wakaongea kama watu wa kijiweni. Vijana walihamia huko. Kwa vigezo vya kawaida vya utangazaji, kituo hicho kiliungana na wasikilizaji wake upesi sana. Aprili 1994 sauti hiyohiyo, kati ya nyimbo hizohizo, ikawa inahimiza mauaji ya Watutsi. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini hatia haikuondoka. Kuungana na msikilizaji, ambako vitabu vya utangazaji hukutaja kama lengo lisilohitaji maelezo, si wema peke yake. Linalobaki kuulizwa ni kituo kinaungana naye kwa lipi, na kumpeleka wapi.

Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kuingia Ngara, magharibi ya Geita. Mwaka uliofuata Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha hapo Radio Kwizera, jina lenye maana ya kuamini na kutumaini. Wasikilizaji wake walikuwa watu waliokwisha kufundishwa kuogopa redio, au kuipenda vibaya. Desemba 1996 Wanyarwanda hao walirudishwa kwao, na kituo kikabaki na mnara, mitambo, wakimbizi wa Burundi waliokuwa bado kambini, na wenyeji wa Kagera na mikoa jirani. Kwa kawaida kituo hubadili muziki na wasikilizaji hubaki. Hapa waliobadilika ni wasikilizaji. Kama kituo ni nyimbo zake, Kwizera kilibaki kilekile. Kama kituo ni watu kinaowasikiliza, kilizaliwa upya bila kubadili jina. Jibu la pili lina uzito zaidi, maana mwenye jembe lililokwisha kubadilishiwa mpini mara tatu bado huliita lake kwa sababu ya shamba analolilimia.

Geita ina hali inayofanana na hiyo, kwa kiwango kidogo na kila mwaka. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa GGM ulioanza uzalishaji mwaka 2000 una wafanyakazi wa kudumu, lakini wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu hufuata habari. Dhahabu inaposikika mahali papya, maduara huchimbwa, makarasha ya kusaga mawe hufungwa, vibanda vya muziki hufuata, na ndani ya miezi kundi zima la wasikilizaji limehama likiwa na Waha, Wakurya, Wahaya na Wasumbwa ndani yake. Kituo kinachotaka kuwapata hukimbilia bongo fleva na singeli, muziki usio na kabila. Wakulima wa pamba na wafugaji wa Kisukuma waliokuwapo kabla yao hujikuta hawana saa yao. Kanuni za maudhui zinataka mtangazaji aseme Kiswahili au Kiingereza, isipokuwa kwa idhini maalumu. Kwa hiyo mlango uliobaki wa Kisukuma kuingia hewani ni wimbo. Kuiondoa saa ya nyimbo za Kisukuma kwenye ratiba, basi, ni kuondoa lugha, hata kama aliyeiondoa alikuwa anafikiria matangazo ya biashara tu.

Masafa ni mali ya umma yenye kikomo, na kituo hupewa kuyatumia kwa muda. Mwislamu ataiita amana, Mkristo uwakili. Kwa wote wawili aliyepewa hawezi kudai kuwa anauza chake. Hapo ndipo uhuru wa kubadili muziki unapopata mipaka. Aliyepewa amana anaweza kuihamishia kabati jingine, lakini lazima mwenye mali ajue ilipo. Kituo kinachotangaza mabadiliko yake mapema, kikaeleza sababu na kupokea simu za wanaolalamika, kimetimiza sharti hilo la amana.

Yapo mabadiliko ambayo hayakuhitaji maelezo. Usiku wa 17 Machi 2021 Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kifo cha Rais John Magufuli, na muziki wa starehe ukanyamaza kwenye redio nchi nzima, kama ulivyonyamaza Oktoba 1999 alipofariki Mwalimu Nyerere. Maombolezo yalipangwa siku 14, kisha yakaongezwa kuwa 21. Zikapigwa kwaya na nyimbo za maombolezo. Kwa Geita msiba ulikuwa wa nyumbani: marehemu alikuwa wa Chato, wilaya ya mkoa huo, na alizikwa huko 26 Machi. Wapo waliolia na wapo waliokuwa na manung'uniko yao juu ya utawala wake, na kwaya ileile iliwafikia wote, ikitikisa kwa kila mmoja kilichokuwamo. Kisha siku ya ishirini na mbili, katika kila studio, mtu mmoja alilazimika kuamua wimbo wa kwanza wa furaha uwe upi, na upigwe saa ngapi.